Mpishi Asiyeonja

Ukitaka kumsujudia, alikupa viazi. Wengi wetu tulianza kumfahamu hivyo. Mtu aliingia jikoni kwa heshima zote, viatu ameviacha mlangoni, akainama amguse miguu kama tunavyowafanyia wazee na watu wa Mungu, na Mpishi alikuwa amekwisha kurudi nyuma hatua moja na kumtia kisu kidogo mkononi. "Maadamu umeshainama," alisema, "gunia liko hapo chini."

Kwa njia hiyo nimemwona daktari wa moyo akimenya viazi. Nimemwona bwana harusi akimenya na kilemba chake kichwani. Mara moja alikuwa mhubiri mgeni, aliyetoka mbali kuja kutufundisha maana ya unyenyekevu. Alimenya vibaya, akatupa nusu ya kiazi pamoja na ganda. Mpishi aliyaokota maganda yale, akakaa mbele yake, akayamenya upya moja moja. Mahubiri ya siku ile yalikuwa mafupi kuliko yote niliyowahi kuyasikia.

Hekalu letu liko Queensbury, ndani ya jengo lililokuwa ghala la mazulia, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni. Mpishi amefanya kazi hapo kwa kujitolea kwa zaidi ya miaka thelathini. Jikoni tulizungumza Kiswahili, na hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mimi nimetoka Tanga na nyumbani kwetu tulisema Kigujarati. Hardev, dereva wa basi mstaafu aliyekuja kila Jumapili kutoka Southall, ni Mpunjabi wa Nairobi. Wengine walikuwa Wahindi wa Kikachi wa Mombasa. Kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake, na Kiingereza tulikuwa tumewaachia watoto wetu na barua za serikali. Kiswahili ndicho tulichokuwa nacho sote, na Mpishi alikisema kana kwamba hakuna lugha nyingine ya kuzungumza na sufuria.

Watu wa nje walimwita mtakatifu. Walikuja kutoka Leicester, hata kutoka Marekani, wakiuliza yuko wapi yule mcha Mungu anayeimba akipika. Kuimba aliimba kweli, nyimbo za kumsifu Bwana, sauti ikiwa imekwaruzika kidogo, na ubeti wa tatu aliusahau kila mara. Lakini neno lile hakulipenda. "Mtakatifu hana unga wa dengu masikioni," alisema.

Ili mtu amwelewe, sharti aelewe kanuni moja ya jikoni kwetu. Chakula tunachopika si chetu kwanza. Sahani hufunikwa, hupelekwa mbele ya Thakorji, sanamu ya Bwana wetu, pazia hufungwa, kengele hupigwa, naye huachwa ale kwa nafasi yake. Kinachorudi huitwa prasadi. Ni neema, na ndicho tunachogawiwa sote. Kabla ya hapo hakuna ulimi unaoruhusiwa kugusa chochote, hata ulimi wa mpishi. Haonji. Halambi mwiko. Anapika chakula cha watu mia tatu na hajui kwa kinywa chake kama kina chumvi.

Mpishi alijua kwa pua. Aliinama juu ya mvuke, macho ameyafumba, akakaa hivyo kitambo, kisha akasema, "Bado," au akasema, "Tayari." Mimi niliyefundishwa maandiko tangu utotoni, na ninayewafundisha watoto wa hekalu kila Jumapili, nilimkumbusha kwamba wapo wanaosema hata kunusa kumekatazwa. Alinijibu, "Aliyekatazwa ni yule anayenusa ili afurahie, Mwalimu. Mimi nanusa ili nijue." Nilikwenda nikatafuta vitabuni. Sikupata jibu zuri kuliko lile.

"Lakini chumvi haina harufu," Hardev alimbishia siku moja.

"Haina ikiwa ndani ya kopo. Ikishaingia mchuzini, mchuzi wenyewe hubadilika. Ni kama mtu aliyeoa. Ni yule yule, lakini ukimsogelea unajua."

"Mimi nimeoa miaka arobaini, Mzee, na hakuna aliyeninusa akajua."

"Kwa sababu mashati unafua mwenyewe."

Alikuwa mkali pia, na ningekuwa mwongo nisiposema. Alificha kisu chake kizuri chini ya gunia la mchele asikiguse mtu. Aliwafukuza wanawake wawili wazima jikoni kwa kukata tangawizi kwa mviringo. Kusum, muuguzi wa Kingsbury ambaye alikuja siku za mapumziko yake, aliosha vyombo miaka sita kabla ya kuruhusiwa kukoroga kitu, na hata hapo alikoroga huku Mpishi amesimama nyuma yake akihema. Kwenye karata Mpishi alikuwa akiiba waziwazi. Ukimkamata alicheka, akasema alikuwa anakupima macho.

Yeye aliyewafundisha watu kwamba hasira huingia kwenye chakula ("Ukikasirika zima moto, kaosha sinki, kisha rudi") alikuwa na sinki safi kuliko yote London. Alilisugua yeye mwenyewe, mara nne kwa siku.

Nyumbani alikula mkate wa dukani na siagi ya karanga. Nilipogundua nilishtuka kama niliyemkuta padri kilabuni. Mtu ambaye mikono yake ilipika vile vitamu vya iliki na zafarani, chakula chake cha jioni kilikuwa vipande viwili vya mkate amesimama karibu na dirisha.

"Nipike kwa ajili ya nani?" aliniuliza. "Hapa niko mimi tu."

"Bwana yumo ndani yako pia," nilimwambia. Mafunzo yangu hayaniachi nikae kimya.

Alilifikiria hilo huku akitafuna. "Basi naona anapenda siagi ya karanga."

Mafundisho yake mengi yalikuwa ya namna hiyo. Hakukaa akafundisha, alisema, kisha akaomba umpitishie manjano. Nimeyashika machache. Alisema Mungu hana njaa, wewe ndiye mwenye njaa ya kumpa. Alisema sala ndefu ni nzuri mradi hakuna kitu juu ya moto.

Nami nina deni kwake ambalo halilipwi. Mwaka mume wangu alipofariki, mimi mwalimu wa dini sikuweza kusali. Nilikaa ukumbini mbele ya Thakorji na maneno niliyokuwa nikiyajua kwa moyo yalikuwa kama majina ya watu nisiowafahamu. Nilimwambia Mpishi, kwa sababu sikuthubutu kumwambia kuhani. Hakunipa pole. Alinisukumia beseni la kotmiri lililojaa mpaka juu. "Huwezi kusali? Basi chambua. Majani huku, vijiti huku." Nilichambua kotmiri kila asubuhi kwa miezi miwili. Sijui ni siku gani nilianza kusikia kwamba midomo yangu inatamka kitu.

Kwa hiyo yaliyotokea baadaye yalinihusu mimi kuliko mtu mwingine yeyote pale.

Majira ya baridi moja Mpishi aliugua mafua mabaya, akalala majuma mawili. Aliporudi alikuwa amekonda, lakini aliimba kama kawaida na ubeti wa tatu aliusahau kama kawaida. Jumapili ya kwanza mchuzi wa mtindi ulikuwa na chumvi mara mbili. Jumapili ya pili mbaazi hazikuwa na chumvi hata punje. Ya tatu, mvuje, kile kiungo chenye harufu kali, ulikuwa mwingi kiasi kwamba ukumbi mzima ulijaa machozi.

Hakuna aliyesema kitu.

Msomaji asiye wa kwetu atashangaa. Lakini prasadi haikosolewi. Ni chakula kilichorudi kutoka kwa Bwana. Nani wewe useme kimezidi hiki au kimepungua kile? Hayo nimewafundisha watoto kwa kinywa changu. Basi tulikula. Watu walichukua wali mwingi na mchuzi kidogo. Wazee wenye shinikizo la damu walipokea kijiko kimoja, wakakigusisha kwenye paji la uso kwa heshima, wakakila polepole kama dawa. Maji yaliisha kabla ya chakula.

"Mwalimu," Hardev aliniambia kwa sauti ya chini tukikunja mikeka, "leo nimekula Bahari ya Hindi."

"Nyamaza. Ni prasadi."

"Ndiyo nasema. Nimekula Bahari ya Hindi kwa heshima."

Kilichoniuma hasa ni kwamba Mpishi alianza kuuliza. Katika miaka yote ile hakuwahi kumwuliza mtu chakula kilikuwaje. Sasa alisimama kwenye dirisha la kugawia, mikono ameipangusa kwenye aproni, akasema, "Vipi leo?" Nilimjibu, "Vema, Mpishi. Prasadi." Nilimjibu hivyo Machi, nikamjibu hivyo Aprili, na ilipofika Septemba nilikuwa nimemdanganya mara nyingi kuliko nilivyomdanganya marehemu mume wangu katika ndoa nzima.

Ikakaribia sikukuu yetu ya mlima wa chakula, siku inayofuata Diwali, ambapo vyakula vya kila aina hupangwa kwa ngazi mbele ya Thakorji mpaka vimfike kifuani. Katibu wa hekalu, mtu mpole anayeogopa ugomvi kuliko maradhi, alituita watu wachache. Alisema amepata wapishi wa kukodi kutoka Wembley. Mpishi angepewa shali na hotuba.

"Tutamwambia amechoka, apumzike," alisema.

"Hajachoka," Kusum alisema. "Amepoteza kunusa. Tangu yale mafua. Mimi ni muuguzi, ninaona."

"Hilo hatutalitaja. Tutamvunja moyo."

"Tukimtoa jikoni bila kumwambia sababu, ndiyo hatutamvunja?"

Katibu alinigeukia mimi. "Mwalimu, wewe unasemaje? Dini inasema nini?"

Dini ilikuwa imesema siku nyingi, mimi ndiye niliyekuwa sijasikia. "Nipe mpaka Alhamisi," nilimwambia. "Nitamwambia mimi."

Nilikwenda nyumbani kwake Jumatano mchana, kwa basi, na njiani nilipanga maneno mazuri matatu yenye aya za maandiko ndani yake. Mpishi alinifungulia kwa furaha, akabandika chai, akarudi kukaa nami. Tukazungumza habari za magoti. Kutoka jikoni kwake ikaanza kuja harufu ya maziwa yanayoshika chini, kisha harufu ya maziwa yaliyoungua, kisha moshi mwembamba mweupe ukapita mlangoni, na Mpishi alikuwa ananieleza kuhusu mafuta ya kuchua.

Maneno yangu matatu yaliniacha yote.

"Mpishi," nilisema, "maziwa yameungua."

Hakuinuka. Mimi ndiye niliyekwenda kuzima.

Niliporudi aliniuliza, "Unajua tangu lini?"

"Tangu Machi. Na wewe?"

"Februari."

"Kwa nini hukusema?"

"Na wewe?"

Nje watoto walikuwa wakitoka shule na kupiga kelele kwa Kiingereza. Kisha alisema, akiangalia mikono yake, "Niliuliza kila Jumapili. Mlisema vema. Watu mia tatu walisema vema. Basi nikafikiri Yeye ananisaidia. Nikafikiri, baada ya miaka yote hii, chumvi ananitilia mwenyewe." Akatikisa kichwa. "Unaona kiburi kilivyo? Kinaingia hata kwenye pua iliyokufa. Ilikuwa nyingi?"

"Mara mbili. Siku nyingine haikuwamo kabisa."

"Na mlikula?"

"Tulikula."

"Wote?"

"Hardev aliomba aongezewe."

Alicheka mpaka mabega yakatikisika, na alipomaliza kucheka macho yalikuwa yamelowa. "Hardev ni mwongo mkubwa," alisema kwa upendo. Kisha sura ikambadilika. "Lakini Mwalimu, aliyeandaliwa kwanza ni Yeye. Miezi tisa nimemwekea chakula kile mbele yake."

"Bwana hakulalamika."

"Yeye halalamiki kamwe! Ndiyo maana nawahitaji ninyi mlalamike."

Sijawahi kupewa karipio la haki kuliko lile. Nililipokea. Nikamwambia yaliyobaki pia: wapishi wa Wembley, hotuba, shali.

"Ya rangi gani?"

"Kahawia."

"Siitaki." Aliposema tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikitoka jikoni pale, sijui nitasali wapi. Ukumbini siwezi. Nikikaa ukumbini nafikiria moto."

Hapo nilikumbuka beseni langu. "Kuna mtu aliniambia," nilisema, "kwamba asiyeweza kusali achambue kotmiri."

"Mtu huyo alikuwa na pua."

"Kusum ana pua. Wewe una mikono. Kati yenu wawili mnatosha kuwa mpishi mmoja."

Aliinuka akaenda kusugua sufuria iliyoungua, na Alhamisi nilimwomba Katibu awaambie wapishi wa Wembley wasije. Asubuhi ya siku iliyotangulia sikukuu Mpishi alikuja kabla yetu sote, akatoa kisu chake chini ya gunia la mchele, akakiweka mezani mbele ya Kusum. "Kisichezewe," alisema. Kisha akamsogeza kwa bega mpaka akasimama mahali pake, mbele ya moto. "Inama. Fumba macho. Usiniambie unachofikiri. Niambie unachonusa."

Kusum aliinama. "Bizari," alisema.

"Bizari hata Katibu anainusa. Chini ya bizari kuna nini?"

Ilichukua siku nzima. Alimfokea, akaenda kusugua sinki, akarudi. Na kwa kuwa hakujiamini tena kukumbuka, alibuni jambo ambalo tunalo mpaka leo: kila chumvi ilipoingia katika sufuria, alipaza sauti, "Chumvi imeingia!" na sote, wamenyaji na wakataji na waosha vyombo, tulipaswa kuitikia, "Imeingia!" ili asiwepo mtu duniani wa kuitia mara ya pili. Kule ukumbini waumini waliokuwa wakiimba walidhani ni sehemu ya ibada, nao wakaanza kuitikia. Katibu alikuja kuchungulia, shali mkononi, uso umejaa wasiwasi. Mpishi aliichukua ile shali, akamshukuru kwa dhati, akaitumia kushikia sufuria ya moto.

Kesho yake mlima ulimfika Thakorji kifuani. Pazia lilipofunguliwa na prasadi ikagawiwa, Mpishi alisimama kwenye dirisha lake. "Vipi leo?" alimwuliza Hardev.

Hardev alionja. Aliangalia dari. "Kiazi hiki kimepungukiwa chumvi kidogo, Mzee."

Mpishi aliunganisha viganja vyake, akamwinamia Hardev kama mtu anavyomwinamia mwalimu wake. "Asante, ndugu yangu," alisema.

Tangu siku hiyo prasadi kwetu inapokelewa kwa heshima na kuambiwa ukweli. Nimebadilisha hata somo la watoto. Wananijibu kwa Kiingereza, lakini wamelielewa.

Miezi ilivyokwenda, Mpishi alisogea mbali na moto. Kwanza alisimama nyuma ya Kusum, halafu kando yake, halafu akajitafutia kiti kifupi karibu na gunia la viazi. Nilidhani ni huzuni, nikamwombea. Kazi yake ikawa kumenya, na maganda yake yalikuwa membamba kiasi cha kupitisha mwanga.

Masika haya nilikuwa nimekaa karibu naye, na beseni langu mapajani. Kusum alikuwa amegeuka akimweleza mtu jinsi ya kuosha mchele, na nyuma yake sufuria kubwa ya maziwa ilikuwa juu ya moto. Hapakuwa na kelele wala moshi. Mpishi, aliyekuwa ameinamia kiazi, alisema bila kuinua kichwa, "Kusum. Maziwa."

Kusum alirukia moto, akapunguza, akakwangua chini kwa mwiko. Yalikuwa bado hayajashika. Akaendelea na kazi yake. Ni mimi tu niliyeacha kuchambua.

"Tangu lini?" nilimwuliza kwa sauti ya chini.

"Machi." Aligeuza kiazi, akatoa jicho lake. "Kidogo kidogo. Mvuje ulitangulia. Mvuje unaweza kumwamsha maiti."

"Na hukusema! Rudi basi kwenye moto wako."

Alinionyesha kwa ncha ya kisu. Kusum alikuwa ameinama juu ya mvuke, macho ameyafumba, na uso wake ulikuwa na ule utulivu ambao watu walisafiri kutoka Leicester kuja kuuangalia kwa mtu mwingine.

"Nikisimama pale," alisema Mpishi, "ataacha kunusa, aanze kuniangalia mimi. Mwache. Na hapa si pabaya. Miaka yote nimewapa watu mahali hapa, sikujua ni pazuri namna hii."

Nina miaka sabini na minane na magoti yangu yanajulikana London yote. Nililiweka beseni chini, nikapiga magoti, nikamgusa miguu. Kiti chake kilikuwa ukutani. Hakuwa na pa kurudi nyuma. Mkono wake usioshika kisu ulipapasa mezani kutafuta kingine cha kunipa, ukapapasa tena, lakini visu vingine vyote vilikuwa mikononi mwa watu, vinafanya kazi. Basi mkono ule ukatulia, kisha ukaja ukakaa juu ya kichwa changu.

"Chumvi imeingia!" Kusum alipaza sauti kutoka kwenye moto.

"Imeingia," tuliitikia sote, na sauti ya Mpishi, ile iliyokwaruzika, ilikuwa juu ya zote.